Mawe Yale Yalikuwa ya Nani?

Mhariri wetu aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, bila shaka alitazamia habari za walimu wetu wa zamani, za mechi tulizoshinda na za uji ulioungua. Hayo wenzangu wamekwisha yaeleza vizuri katika matoleo yaliyotangulia. Naomba ndugu zangu mniwie radhi, maana mimi nataka kuzungumza juu ya mawe.

Wale tuliokuwa hapa shuleni katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 tunaikumbuka kazi ya Jumamosi. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitutaka tushike jembe kama tulivyoshika kalamu, na hilo lilikuwa jambo jema. Jumamosi moja tuliambiwa tujenge ukingo wa uwanja wa mpira ili mvua isiendelee kuula. Tukapanda mteremko ulio nyuma ya mabweni. Huko juu, kando ya ua wa minyaa, kulikuwa na mawe mazuri ya kubebeka, yamepangwa mafungu mafungu. Tukayateremsha yote kwa muda wa asubuhi mbili. Hakuna aliyeuliza nani aliyapanga.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alisimama akatutazama, kisha akasema maneno machache ya Kihehe. Wengi wetu tulikuwa wageni wa mkoa, tukacheka. Mwenzetu mmoja, mwenyeji wa hapa, hakucheka. Aliliweka chini jiwe lake, akakataa kubeba jingine, naye akaadhibiwa kwa uvivu. Miaka mingi baadaye nilimwuliza mzee yule alisema nini. Akaniambia: alisema tunawafunua watu waliolala.

Ndugu zangu, mteremko ule ndio ule ambao katika mkutano wa mwaka jana tulikubaliana kuupanda misindano, ili miti itakapovunwa zipatikane fedha za bweni jipya. Mimi mwenyewe niliunyosha mkono wangu kuunga mkono. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini sasa nauomba mkutano usubiri kidogo kabla ya kupeleka miche.

Baada ya kutoka hapa nilijifunza upimaji wa ardhi, na kazi hiyo nimeifanya Mbeya na Iringa mpaka nilipostaafu. Mpima ardhi ana maneno mawili anayoyapenda sana: "pori" na "eneo wazi". Ukiyaandika maneno hayo juu ya ramani, kazi imekuwa rahisi. Bwana mipango ataweka barabara, bwana misitu ataweka miti, na mawe ya mipaka yatafukiwa bila kelele. Lakini katika miaka yangu yote ya kazi sikupata kuona pori ambalo halikuwa na jina, na penye jina palikuwa na mtu. Ramani husema kweli, ila ni kweli ya yule aliyeiagiza.

Uchukueni mji wa Mbeya. Ulikua katika miaka ya 1930, wakati dhahabu ya Lupa ilipokuwa ikiwavuta watu kwenda Chunya. Kanuni za miji za wakati wa Mwingereza hazikutaja rangi ya mtu, kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi iliyowekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa la zamani, na ubaguzi wa wazi ungeleta maswali. Kanuni zilitaja aina za nyumba tu: eneo la kwanza nyumba za namna hii, la pili za namna ile, la tatu za kienyeji. Ukisoma karatasi hizo peke yake utadhani lilikuwa jambo la matofali na mabati. Lakini wananchi hawakudanganyika. Waliyaita maeneo hayo Uzunguni, Uhindini na Majengo, na majina hayo yapo mpaka leo. Mpango uliyaficha mambo, na watu wakayahifadhi katika midomo yao. Tena, chini ya mji huo yapo majina mengine ya kale zaidi: Iyunga, Itiji, Iganzo, Ilomba. Hayo hayakutungwa na ofisi ya ardhi. Yanatukumbusha kwamba Wasafwa walikuwa wakilima na kuzika hapo kabla ya kiwanja cha kwanza kupimwa.

Iringa nako ni vivyo hivyo. Jina lenyewe latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Ngome hiyo ilikuwa Kalenga, na Wajerumani waliibomoa kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kulishinda jeshi la Zelewski pale Lugalo. Mwaka 1896 wakaweka boma lao mahali pengine, juu ya kilima, wakapaita Iringa Mpya. Hivyo jina lilihamishwa pamoja na mamlaka. Lakini nendeni leo mjini mkasikilize majina ya mitaa. Lipo jiwe la Gangilonga, yaani jiwe linalosema. Upo mtaa wa Kitanzini, na wazee wa mji wanasimulia kwamba hapo ndipo Wajerumani walipokuwa wakiwanyonga watu. Mgeni anayenunua nguo pale hana habari kwamba anatembea ndani ya jina la kamba.

Sasa mtaniuliza: kama watu wanakumbuka, karatasi za nini? Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu ya mzee ni mali, lakini mzee hufa, na anapofika mbele ya baraza la ardhi au mbele ya mwekezaji mwenye ramani, huambiwa kwamba maneno yake ni hadithi tu. Karatasi nayo ikiwa peke yake husema ya mkubwa aliyeiandika. Lakini ukiviweka pamoja, neno la mzee na karatasi ya serikali, vinasimama kama mashahidi wawili ambao hawakupatana kabla.

Karatasi hizo zipo. Nyaraka za Taifa zimehifadhiwa Upanga, Dar es Salaam. Yapo majalada ya wakati wa Mjerumani, ambayo mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Yapo majalada ya Mwingereza, na pamoja nayo Vitabu vya Wilaya, ambamo kila bwana shauri alitakiwa kuandika habari za makabila, mipaka, sheria za ardhi na majina ya majumbe wa wilaya yake. Kwa Iringa kuna bahati ya pekee. Katika miaka ya 1930 bwana shauri Bruce Hutt na mtaalamu wa mila Gordon Brown walifanya jaribio la pamoja: mmoja anauliza maswali ya utawala, mwingine anakwenda kwa wananchi kutafuta majibu. Kitabu chao kilitolewa mwaka 1935. Waliandika kwa faida ya serikali ya kikoloni, hilo tusilisahau, lakini ndani yake mna maisha ya watu wa kawaida.

Lakini nawaonya vijana, nyaraka nazo zina upendeleo wake. Mkubwa ana jalada, mdogo hana. Utazameni mfano wa Mtwa Mkwawa. Alijiua mwaka 1898 asishikwe na adui. Mwaka 1919 fuvu lake lilitajwa katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, kwamba Wajerumani walirudishe. Gavana Twining alilitafuta katika makumbusho ya Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa pale Kalenga, ambako lipo hadi sasa. Ni haki na ni fahari yetu. Lakini mchukuzi aliyebeba mizigo ya vita akafia njiani, nani alilitafuta fuvu lake?

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Jenerali Northey lilitokea Nyasaland, likapita katika nyanda zetu hizi, likaingia Iringa mwishoni mwa Agosti 1916. Nyuma ya kila askari walikuwapo wachukuzi, na makumi ya maelfu yao walikufa katika vita vile vya Afrika ya Mashariki kwa njaa, kuhara na homa. Iringa mjini kuna makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri sana, yenye nyasi zilizokatwa na mawe yenye majina. Mtu akipita hapo atadhani hao ndio wote waliokufa.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyoandikwa baada ya kupekua nyaraka zake yenyewe. Tume ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Wahindi, hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakutajwa kwa majina yao au hawakutajwa kabisa. Angalieni jambo hili vizuri. Waliopanga bustani zile nzuri za makaburi ndio walioamua nani aonekane na nani asionekane juu ya nchi. Na ushahidi wa kosa hilo ulikaa katika makabati yao wenyewe kwa karibu miaka mia moja, ukingoja mtu wa kuuliza.

Kwa hiyo msomaji wa nyaraka sharti ajue kusoma pembeni mwa ukurasa. Nitatoa mfano mmoja, wa kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza wakaiendeleza. Karani alihesabu nyumba, hakuhesabu watu. Mume mwenye wake watatu aliandikwa jina lake mara moja na nyumba zake tatu. Wanawake wale, ambao ndio waliolima bonde na kuchota maji, hawana jina katika karatasi ile. Wamo humo kama "nyumba". Lakini msomaji mwenye subira ataona: hapa palikuwa na nyumba tatu, basi palikuwa na majiko matatu, mashamba matatu na njia tatu za kwenda kisimani. Kadhalika barua za malalamiko na kesi za barazani ni hazina kubwa, maana mnyonge huandikwa pale anapolalamika.

Baada ya kustaafu nilikwenda Upanga mwenyewe. Nilikuwa nikitafuta jambo jingine kabisa, la mpaka wa shamba la jamaa yangu. Katika jalada moja la safari za bwana shauri nikakutana na orodha ya kodi ya eneo letu hili, na katikati yake jina la kijito. Ndugu zangu, ni kijito kile kile tulichokuwa tukioga asubuhi za baridi! Pembeni yake yaliandikwa majina ya wenye nyumba, mstari baada ya mstari. Nilikaa pale nikiwa nimeshika kalamu na nisiweze kuandika. Miaka minne nililala chini ya mteremko ule, na katika daftari langu la Jiografia niliuchora na kuuandika "pori".

Niliporudi Iringa nilikwenda kijiji cha barabarani, nikawasomea wazee majina yale. Waliyafahamu. Baadhi yalikuwa majina ya babu zao. Wakanieleza kwamba familia zao zilikaa katika tembe kule juu mpaka mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, walipohamishiwa barabarani. Tembe zikaanguka, mashamba yakaota nyasi, na baadaye mteremko ukahesabiwa kuwa wa shule. Sisi tulifika miaka michache tu baadaye, tukakuta mahame, tukaona mawe. Mama mmoja mzee alinionyesha kwa kidole, kutoka kibarazani kwake, mahali alipozikwa mama yake. Alinionyesha mnyaa. Kwa vile tuliacha minyaa tukachukua mawe, kaburi lile linaweza bado kupatikana.

Siandiki haya ili kuwalaumu walimu wetu, wala sisemi kwamba kijiji kirudi mlimani. Wazee wenyewe hawataki hivyo: shule, zahanati na barabara viko chini. Walichoniomba ni kidogo zaidi, nami nitakitaja mwishoni. Lakini kwanza nionyeshe kwamba jambo hili si la huruma tu. Mpango unaojengwa juu ya historia isiyo kamili huharibika wenyewe.

Kati ya Mbeya na Iringa liko bonde la Usangu, na ndani yake ardhi oevu ya Ihefu inayoulisha Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na nchi nzima iliingiwa na wasiwasi kwa ajili ya mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Lawama nyingi ziliangukia wafugaji na ng'ombe wao. Mwaka 1998 ilitangazwa Pori la Akiba la Usangu, mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lakini kati ya mwaka 1998 na 2001 wataalamu wa mradi uliochunguza ardhi oevu ya Usangu walikuwa wamekwisha kusoma kumbukumbu za miaka mingi za vipimo vya maji. Waliona kwamba sababu kubwa ya kukauka ilikuwa maji yanayochukuliwa kiangazi na mifereji ya mashamba ya mpunga. Tena, mtu anayesoma historia ya watawala wa Usangu, akina Merere, anajua kwamba Wasangu walikuwa na makundi ya ng'ombe kabla mkoloni hajafika. Sisemi kwamba mifugo haina madhara ikizidi. Nasema kwamba karatasi zilikuwapo, na watu walihamishwa wakati jibu lililokuwa ndani yake halijapata wasikilizaji.

Wala mahame si kitu cha bure mbele ya sheria. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria iliyofuta haki za kimila za ardhi za watu waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Wananchi wawili wa Mbulu, Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, walikwenda mahakamani, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kwa hiyo anayepanga matumizi ya mteremko kama ule wetu na akaandika "eneo wazi", huenda anaandika jambo lisilo kweli mbele ya wazee na mbele ya sheria pia.

Basi, ombi langu kwa mkutano ni hili. Tusipande misindano msimu huu. Kabla ya mvua zijazo, wanachama wachache waende Upanga kunakili orodha ile, nami niko tayari kuwaongoza na kujilipia nauli. Kisha tupande mteremko pamoja na wazee wa kijiji, tuweke alama penye kila tembe na kila kaburi watakalotuonyesha, na nitachora ramani mpya kwa mkono wangu. Sehemu itakayobaki bila alama tupande miti yetu na tupate bweni letu. Sehemu yenye alama iachwe na minyaa yake, na njia ya kuifikia iwe wazi kwa wenye wafu wao. Hilo ndilo wazee waliloniomba: njia ya kupanda kwenda kusafisha makaburi bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa ekari chache za misindano bei hiyo si kubwa.

Nanyi vijana mlioko madarasani, msingoje mkutano wa wakubwa. Likizo hii kila mmoja achukue daftari, akamwulize babu au bibi yake mambo matatu: hapa tulipo palikuwa pa nani, waliondokaje, na nini kimebaki. Andikeni majina ya mito, ya miti na ya mawe kama yanavyotamkwa nyumbani, bila kuyasahihisha. Chama cha Historia kikusanye madaftari hayo katika sanduku moja lenye kufuli, maktaba. Hiyo itakuwa hifadhi ya nyaraka ya shule yetu, na siku moja mpima ardhi mwenye bidii, huenda akawa mmoja wenu, ataifungua kabla hajafukia jiwe la mpaka.

Kuhusu mawe ya ukingo wa uwanja, nimekwenda kuyaangalia. Mengi bado yapo, mvua haikuyashinda, maana tuliyapanga vizuri. Mwenzetu yule aliyekataa kubeba jiwe la pili ameniahidi kwamba atahudhuria mkutano wa mwaka huu. Nimemwomba aje siku moja kabla, na ninawaomba wenzangu wa darasa letu wenye nguvu bado za kupanda mlima waje siku hiyo pia, na viatu vya kazi. Mara hii tutayabeba kwenda juu, na yeye ndiye atakayetuonyesha pa kuyaweka.